Kujadili imani na ndugu yako Mmormoni: kutoka kikombe cha chai hadi kwenye maandiko

Ilikuwa Krismasi. Mama alikuwa ameshika birika, anazunguka na chai ya maziwa kama afanyavyo kila mwaka, na alipomfikia mdogo wangu, kijana akakifunika kikombe kwa kiganja. "Mama, mimi nipe maziwa matupu." Meza nzima ikanyamaza. Kisha nikafungua mdomo mimi. Nilimuuliza ni dini gani inayomkataza mtu chai ya mama yake mzazi, nikaenda kwenye hekalu, nikaenda kwenye mabamba ya dhahabu wanayosema ndiko kilikotoka Kitabu cha Mormoni, nikamalizia na wake wa Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa lake. Watoto walikuwa wanasikiliza. Mdogo wangu aliinuka, akachukua mkoba wake, akapanda matatu ya saa kumi kurudi mjini. Ilipita miezi saba kabla hajapokea simu yangu.

Tangu hapo tumejifunza kujadiliana. Mimi ni Mwanglikana na nitabaki Mwanglikana; yeye ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ana wito wake huko na anaupenda. Hakuna aliyemhamisha mwenzake. Lakini tunazungumza mambo mazito, kwa sauti ya kawaida, na mama hakimbilii tena jikoni. Ninamwandikia mtu aliye pale nilipokuwa mimi Krismasi ile: unampenda ndugu yako, unaamini amekosea, na kila ukifungua mdomo mambo yanaharibika.

Hatua ya kwanza: malizeni habari ya chai kabla ya kufika kwa Mungu

Usicheke, nyumba nyingi za kwetu vita huanzia hapo. Katazo la chai limo katika kile wanachokiita Neno la Hekima, sehemu ya 89 ya Mafundisho na Maagano, kimoja cha vitabu vyao vya maandiko, ya mwaka 1833. Pombe na tumbaku vimetajwa, na "vinywaji vya moto" vimefafanuliwa na viongozi wao kuwa chai na kahawa. Kinachokatazwa si joto la kinywaji, ni majani ya chai na kahawa yenyewe. Maziwa ya moto anakunywa. Kakao anakunywa. Tangawizi iliyochemshwa na maziwa bila majani anakunywa.

Mama alipolielewa hili alianza kuchemsha sufuria mbili. Sufuria moja ndogo ya tangawizi ilifanya kazi ambayo hoja zangu zote hazikuifanya: ilimwambia mdogo wangu kwamba kiti chake bado kipo. Mtu anayehisi kiti chake kimeondolewa hasikilizi hoja, anatafuta mlango.

Katika hatua hii hii, acha kumwita Mmormoni ikiwa hapendi. Mwaka 2018 rais wao wa wakati huo, Russell M. Nelson, aliwaomba waumini na watu wengine walitumie jina kamili la kanisa. Hata kwaya yao mashuhuri ya Salt Lake City ilibadilishiwa jina mwaka huo huo. Mimi nimeandika neno hilo kwenye kichwa cha habari kwa kuwa ndilo unalolijua wewe. Nikiwa naye silitumii.

Hatua ya pili: tupa hoja mbovu

Nilikuwa na gunia la hoja, na nyingi zilikuwa takataka nilizookota mitaani. Ukitoa moja ya hizi, atajua hujasoma, na hata ile nzuri utakayoitoa baadaye ataiweka kundi moja nazo.

"Ninyi mnaoa wake wengi." Hapana. Rais wao Wilford Woodruff alitangaza kusitisha jambo hilo mwaka 1890, na leo anayeoa mke wa pili anatengwa na kanisa. Vile vikundi vya Utah na Arizona vinavyoonyeshwa kwenye televisheni vilijitenga nao zamani. Historia ya ndoa hizo ni jambo jingine, nitaifikia.

"Mnaabudu shetani, ninyi ni Frimasoni." Uvumi huu umezoeleka sana Kenya na unaumiza. Ni kweli Joseph Smith alijiunga na Frimasoni mwaka 1842 huko Nauvoo, Illinois, na ni kweli kwamba wasomi, wakiwemo wa kanisa lake, wanakubali kuna mfanano kati ya baadhi ya ibada za hekalu na zile za Frimasoni. Kutoka hapo kufika kwa shetani ni kumsingizia ndugu yako.

"Ufunuo 22:18 inakataza kuongeza kitabu." Hii niliitoa kwa mbwembwe. Mdogo wangu akafungua Kumbukumbu la Torati 4:2, ambako Musa naye anakataza kuongeza neno, akaniuliza kwa upole kama basi tuyararue yote yaliyofuata baada ya Musa. Sikuwa na jibu, na kwa haki kabisa, maana Ufunuo inazungumzia kitabu cha Ufunuo.

Na nguo takatifu wanazovaa ndani, usiziguse. Kasisi wako ana joho, sista ana shela. Kuidhihaki nguo ya mtu ya ibada hakujawahi kumfundisha mtu Maandiko.

Hatua ya tatu: soma vitabu vyake, kwa Kiswahili

Huwezi kujadili kitabu usichokifungua. Kitabu cha Mormoni kipo kwa Kiswahili tangu mwaka 2000, na pamoja na Mafundisho na Maagano na Lulu ya Thamani Kuu unakipata bure kwenye programu yao ya simu, Maktaba ya Injili. Huhitaji kusoma vyote. Anza na hivi: Moroni sura ya 10, 2 Nefi sura ya 25 na ya 26, Yakobo sura ya 2 (huyu ni Yakobo wa Kitabu cha Mormoni, si wa Agano Jipya), kisha sehemu za 76, 89, 130 na 132 za Mafundisho na Maagano. Malizia na Historia ya Joseph Smith iliyomo katika Lulu ya Thamani Kuu. Ni fupi, utaimaliza jioni moja.

Soma pia insha ambazo kanisa lenyewe lilianza kuzitoa kwenye tovuti yake mwaka 2013, kuhusu ndoa za wake wengi, rangi na ukuhani, tafsiri ya Kitabu cha Ibrahimu na mengineyo. Ukimletea ndugu yako video ya mtu mwenye hasira aliyeacha kanisa, atakuambia huyo ni adui. Ukimletea ukurasa wa kanisa lake, mtausoma pamoja. Mimi nilijiwekea sharti la kutotumia chanzo ambacho yeye mwenyewe hawezi kukifungua mbele ya askofu wake.

Hatua ya nne: hakikisheni mnaongea lugha moja

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, maana maneno ni yale yale na maana zake ni nyingine.

Kwetu, tuliolelewa kwenye upepo wa Uamsho, mtu akiuliza "umeokoka?" kila mmoja anajua anachoulizwa. Ndugu yako akijibu "ndiyo, kwa Yesu Kristo," mnaweza kushikana mikono kumbe hamjakutana. Kwake, watu wote watafufuliwa, na karibu wote watapata utukufu wa kiwango fulani: telestia, terestria, au selestia ulio juu kabisa, kama sehemu ya 76 inavyoeleza. Kinachotafutwa ni kuinuliwa: kuishi na Mungu katika utukufu wa selestia, familia ikiwa imeunganishwa milele, na kuendelea kufanana naye. Hilo linahitaji ubatizo wa kanisa lake, ukuhani wake na hekalu lake. Kwa hiyo anaposema wewe "utaokolewa," anasema kweli kwa maana yake, huku akiamini kuna mlango ambao hujaufikia.

Neno "Mungu" nalo. Sehemu ya 130 inafundisha kwamba Baba ana mwili wa nyama na mifupa, na kwamba Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni nafsi tatu zilizotengana kabisa, zenye umoja wa nia. Wewe unaungama Mungu mmoja katika Utatu. Lakini jihadhari. Wakristo wengi tukiulizwa tueleze Utatu tunajibu kwa mifano ya barafu, maji na mvuke, yaani Mungu mmoja anayebadilisha sura. Hilo ni fundisho ambalo kanisa la kale lililikataa. Ndugu yako atakufungulia Mathayo 3, Mwana yuko majini, Roho anashuka, sauti ya Baba inatoka mbinguni, na mfano wako wa barafu utayeyuka hapo hapo. Kabla hujamkosoa yeye, kajifunze unachokiamini. Mimi ilinibidi nirudi kwa mchungaji wangu na daftari, nikiwa na umri wa miaka arobaini.

Muulize basi, neno kwa neno: "Ukisema neema una maana gani? Ukisema mbinguni?" Usimjibie. Akimaliza, mrudishie kwa maneno yako mpaka aseme, "Ndiyo, hicho ndicho ninachoamini." Siku hiyo msijadili kingine.

Hatua ya tano: wekeni masharti

Yetu ni machache. Hatujadili mbele ya watoto. Hatujadili kwenye msiba wala kwenye sherehe. Mada moja kwa kikao, iliyochaguliwa angalau wiki mbili kabla, kila mmoja ajue cha kusoma. Anayechagua mada leo, kikao kijacho si zamu yake. Saa moja na nusu, kisha tunafunga vitabu. Na kila mmoja ana haki ya kusema "sina jibu la hilo, nipe muda," bila mwenzake kulishangilia.

Sharti hili la mwisho ndilo lililotuokoa. Bila hilo mtu huruka kama panzi: akibanwa kwenye Kitabu cha Ibrahimu anakimbilia Vita vya Msalaba, nawe ukibanwa kwenye historia ya kanisa lako unakimbilia wake wa Joseph Smith.

Kama atapenda kuwaleta wamisionari, kubali, lakini si kwenye vikao hivi. Ni vijana, wengine wana miaka kumi na minane, wanaitwa "Mzee" na wametoka nyumbani kwa miaka miwili. Wamekuja kufundisha masomo waliyopangiwa. Kuwashinda kwa hoja mbele ya ndugu yako si ushindi, kwani atalazimika kuwatetea. Wape chakula.

Hatua ya sita: nendeni kwenye mzizi

Kwa muda mrefu nilipigana na matawi. Kila nilichosema kuhusu historia, mdogo wangu alisikiliza, akakiri mengine, kisha akasema sentensi moja kwa utulivu: "Lakini nilisali, na ninajua kuwa ni kweli." Hapo mazungumzo yalikufa.

Mzizi ni huo. Moroni 10:4 inamwahidi msomaji kwamba akimuuliza Mungu kwa moyo wa kweli, kwa nia halisi na kwa imani katika Kristo, ataonyeshwa ukweli kwa uwezo wa Roho Mtakatifu. Mdogo wangu aliupigia mstari huo kwa penseli nyekundu, na pembeni ameandika tarehe na saa: saa tano usiku. Alikuwa chumba cha kupanga, hana kazi, marehemu baba ametoka kuzikwa. Alisali, akahisi joto kifuani na amani ambayo hakuwa nayo tangu mazishi. Unapokosoa tarehe za mwaka 1830, kanisa lake lilipoanzishwa, yeye anasikia unaikosoa saa tano ile ya usiku.

Swali la kujadili basi ni hili: tunajuaje kwamba jambo limetoka kwa Mungu?

Nilimletea Matendo 17:11, Waberoya waliochunguza maandiko kila siku waone kama aliyoyasema Paulo ndivyo yalivyo. Nilimletea 1 Yohana 4:1, tuzijaribu roho. Nilimletea Wagalatia 1:8, juu ya malaika anayehubiri injili nyingine. Alisikiliza yote. Kisha akaniuliza, "Na wewe dada, ulijuaje?"

Nilikaa kimya muda mrefu. Mimi niliokoka kwenye mkutano wa vijana, na kama nasema kweli, sikuchunguza hati yoyote usiku ule. Moyo uliwaka. Luka 24 inasema mioyo ya wale wawili wa njia ya Emau iliwaka pia. Nisingeweza kumwambia kwamba moto wake ni hisia tu na wangu ni Roho, bila sababu nyingine zaidi ya kwamba mmoja ni wangu.

Nilimkiri hivyo. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliponiamini. Kutoka hapo tukapata jambo tunalokubaliana wote wawili: moyo ni shahidi, na sheria ya Kumbukumbu 19:15 inataka mashahidi wawili au watatu. Kwa hiyo jambo linalodai kuwa limetukia duniani, mahali fulani, mwaka fulani, lichunguzwe pia kwa macho ya duniani. Hilo linanihusu mimi na ufufuo, linamhusu yeye na mabamba.

Akatabasamu, akasema Kitabu cha Mormoni kina mashahidi watatu wa mabamba kwenye kurasa za mwanzo, kisha wanane. Na ni kweli wapo. Watatu hao ni Oliver Cowdery, David Whitmer na Martin Harris. Wote watatu walikosana na Joseph Smith wakatoka kanisani. Cowdery na Harris walirudi baada ya miaka mingi, Whitmer hakurudi kamwe, na hakuna kati yao aliyeukana ushuhuda wake. Jiandae kwa jambo hili. Ukidai walikanusha, umedanganya. Mimi ninauliza walichokiona walikiona kwa namna gani. Yeye anauliza kwa nini watu waliokosana na nabii wasimfichue. Bado tuko hapo.

Hatua ya saba: chagua maswali machache yenye uzito

Ukishafika kwenye mzizi, historia inaanza kuzungumza. Nitakupa matatu ambayo kwetu yalizaa mazungumzo ya kweli.

La kwanza, Kitabu cha Ibrahimu. Mwaka 1835, huko Kirtland, Ohio, Joseph Smith na wenzake walinunua maiti zilizokaushwa za Misri na hati za mafunjo zilizokuwa pamoja nazo, naye akatoa kitabu alichosema ni maandishi ya Ibrahimu. Ilidhaniwa mafunjo yote yaliungua Chicago mwaka 1871. Baadaye vipande vyake vikapatikana katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, na mwaka 1967 vikakabidhiwa kwa kanisa. Wataalamu wa Kimisri, wakiwemo waumini wa kanisa hilo, wanakubali kwamba vipande hivyo ni maandishi ya kawaida ya maziko na havilingani na kitabu. Insha ya kanisa inakiri hivyo, kisha inapendekeza kwamba huenda sehemu husika imepotea, au mafunjo yalikuwa kichocheo tu cha ufunuo. Muulize ni jibu lipi linalomtosha na kwa nini. Kisha nyamaza, maana hapa kuna hatari ya kuongea kupita kiasi.

La pili ni ndoa. Kumbuka ulikotoka: babu yetu alikuwa na wake watatu, na Yakobo wa Biblia alikuwa na wanne. Ukijifanya umeshtushwa na idadi, atakuuliza habari za babu. Uzito uko kwingine. Yakobo 2 ya Kitabu cha Mormoni inamwambia mwanamume awe na mke mmoja, isipokuwa Bwana ataagiza vingine. Sehemu ya 132 inaagiza vingine. Na insha ya kanisa inaeleza kwamba Joseph Smith aliunganishwa kwa siri na wanawake wengi, wakiwemo waliokuwa na waume, na mmoja aliyekuwa amebakiza miezi michache kutimiza miaka kumi na mitano. Mimi ni mama wa binti. Nilimuuliza mdogo wangu jambo moja tu: mtu akija kwa binti yangu akisema malaika amemtuma, tungempima kwa kipimo gani? Alisema, "Sina jibu la hilo, nipe muda." Nilimpa.

La tatu linatugusa sisi moja kwa moja. Tangu Brigham Young, aliyeliongoza kanisa baada ya Joseph Smith, alipotangaza mwaka 1852 mpaka Juni 1978, wanaume wenye asili ya Kiafrika hawakuruhusiwa kupewa ukuhani katika kanisa hilo, na wake kwa waume weusi hawakuruhusiwa kupokea baraka za juu za hekaluni. Kabla ya hapo walikuwepo waliopewa, kama Elijah Abel mwaka 1836. Tamko Rasmi la Pili, mwishoni mwa Mafundisho na Maagano, ndilo lililoondoa zuio. Siku hizi kanisa linazikataa zile nadharia za zamani zilizoufanya weusi kuwa alama ya laana.

Nilidhani nimeshika rungu. Nililiweka mezani kwa sauti ya mtu aliyeshinda. Mdogo wangu aliutazama mkono wake kwanza, hivi, juu ya kitambaa cha meza. "Nalijua hilo dada. Nililia. Kisha nikasoma habari za watu wa Ghana na Nigeria." Akanisimulia Joseph William Billy Johnson wa Ghana na Anthony Obinna wa Nigeria, waliokiamini Kitabu cha Mormoni na kukusanya watu miaka mingi kabla ya 1978, bila mmisionari, wakiandika barua na kungoja kubatizwa. "Hao hawakudanganywa na Mzungu mlangoni. Waliomba wao."

Bado ninaamini zuio lile ni swali zito kwa kanisa linalosema linaongozwa na nabii: kwa nini miaka 126? Ninamuuliza hivyo mpaka leo. Lakini simuulizi tena kama vile yeye si Mwafrika, kama vile jambo hilo linaniuma mimi kuliko linavyomuuma yeye.

Hatua ya nane: mwache naye akuulize

Atakuuliza kwa nini makanisa yetu ni mengi hivi, kila mtaa vipaza sauti vitatu vinashindana Jumapili asubuhi. Ndilo swali ambalo Joseph Smith anasema lilimpeleka msituni kusali mwaka 1820, baada ya kusoma Yakobo 1:5. Atakuuliza nani aliamua vitabu vya Biblia. Atakuuliza kwa nini wachungaji wetu wanalipwa na askofu wake halipwi.

Jibu lake, kwamba kanisa lote lilikengeuka baada ya mitume mpaka Joseph Smith akalirejesha, mimi ninalipinga kwa Mathayo 16:18, ambako Yesu anasema milango ya kuzimu haitalishinda kanisa lake. Lakini hilo la vipaza sauti lilinipata. Nilikubali.

Hatua ya tisa: yale yasiyongoja mjadala uishe

Yapo mambo mawili ya familia ambayo yatakuja kabla hamjakubaliana chochote.

Harusi. Hekalu la Nairobi liliwekwa wakfu Mei 2025; kabla ya hapo Wakenya walisafiri mpaka Johannesburg. Tangu kuwekwa wakfu, anayeingia ni muumini mwenye kibali tu. Mama yako hataiona ibada ya kuunganishwa. Lakini tangu 2019 kanisa linaruhusu ndoa ya kiserikali ifanywe kwanza mbele ya watu wote, na kuunganishwa hekaluni kufuate bila kungoja mwaka mzima kama ilivyokuwa katika nchi kadhaa. Ombeni hivyo mapema, wakati wa mazungumzo ya mahari, si wiki ya harusi. Mpe mama kiti cha mbele kwenye ile ya wazi.

Majina ya marehemu. Wanabatiza kwa niaba ya wafu, wakisoma 1 Wakorintho 15:29, na wanaamini marehemu ana hiari ya kukubali au kukataa. Utaratibu wao wenyewe unataka ridhaa ya ndugu wa karibu ikiwa marehemu alizaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita. Nilimwambia mdogo wangu: jina la baba usilipeleke bila mama. Alikubali, na hajalipeleka. Mama bado hajaamua, na hatumsukumi. Jambo zuri lililotoka humo ni daftari la ukoo. Ameandika vizazi sita, pamoja na majina ya bibi zetu wa Kisii ambao mimi sikuwahi kuwasikia.

Hatua ya kumi: akianza kuyumba

Huenda siku moja akakupigia usiku aseme hajui tena anaamini nini. Wewe uliyekuwa ukilingoja hilo, usishangilie. Mkewe yuko humo, rafiki zake wako humo, watu waliombebea vitu alipohama nyumba ni wa kanisa lake. Kinachomwanguka si hoja. Na ukimwangusha asiwe na pa kushika, anaweza kumwacha Kristo pamoja na Joseph Smith, maana amefundishwa kwamba kama hili si kweli basi hakuna jingine. Mwambie aendelee kusali. Mwambie hana haraka. Mpe Injili ya Marko aisome yote kwa kikao kimoja, na umwulize tu amemwona Yesu wa namna gani.

Wangu hajayumba. Kikao kilichopita zamu ilikuwa yake kuchagua, akachagua neema. Ameniachia 2 Nefi 25:23, inayosema tunaokolewa kwa neema baada ya yote tunayoweza kutenda, nami nimempa Waefeso 2:8 na 9. Amenitumia ujumbe jana kwamba maneno "baada ya" viongozi wao siku hizi wanayaeleza kwa namna ambayo huenda ikanishangaza. Tutakutana Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, kwa mama, saa nane. Nitanunua tangawizi njiani.